Khalifa aliyevunja nyumba ya ushuru Rafah

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara, akisafiri na misafara ya mali kutoka Makka hadi Sham, na akizijua kwa macho yake tabu za njiani.

Ndugu msomaji, mwezi Mei 2024 jeshi la Israel liliuteka upande wa Gaza wa kivuko cha Rafah. Dunia nzima iliona malori ya unga, dawa na maji yamepanga foleni upande wa Misri, huku ng'ambo ya pili watu wanakufa kwa njaa. Tangu hapo jina la Rafah limekuwa midomoni mwa kila Muislamu, na katika misikiti yetu watu walilia katika kunuti wakiwaombea ndugu zao.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba jina la Rafah limo katika historia ya Uislamu kwa jambo hilo hilo la bidhaa na mpaka. Miaka zaidi ya 1300 iliyopita palikuwa na nyumba pale Rafah, kwenye njia kuu inayounganisha Misri na Sham. Kazi ya nyumba ile ilikuwa moja tu, kuwakamua wapitaji. Na alitokea Khalifa mmoja akaamuru ibomolewe. Khalifa huyo ni Umar bin Abdul Aziz (rahimahullah), na leo tumtazame kwa upande ambao wahadhiri wetu hawaugusi sana, nao ni upande wa barabara, ushuru na biashara.

MJUKUU WA BINTI WA MAZIWA

Umar alizaliwa katika ukoo wa Banu Umayya mnamo mwaka 61 Hijria, sawa na 680 au 681 Miladia. Baba yake, Abdul Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa takriban miaka 20. Mama yake alikuwa binti wa Asim, mtoto wa Umar bin al-Khattab (r.a.).

Kisa cha bibi yake wanafunzi wa madrasa wanakijua. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akizunguka usiku mjini Madina, akamsikia mama mmoja akimhimiza binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyapeleka sokoni. Binti akakataa, akamkumbusha mama yake kwamba hata kama Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa anawaona. Sayyidna Umar akamuoza binti yule kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka mama yake Umar bin Abdul Aziz. Kwa hiyo ndoa iliyomleta duniani Khalifa huyu ilianza na uaminifu wa sokoni. Wafanyabiashara wetu walizingatie hilo.

Alipokuwa mdogo alipigwa teke na mnyama katika zizi la baba yake, akabaki na kovu usoni ambalo watu walimtambua kwalo maisha yake yote. Baba yake alimpeleka Madina kusoma kwa wanazuoni wakubwa. Siku moja alichelewa swala ya jamaa kwa sababu alikuwa akitengenezwa nywele. Mwalimu wake, Salih bin Kaysan, akapeleka habari Misri, na baba akatuma mtu kuja kumnyoa kichwa. Wazazi wa leo ambao mtoto akikemewa madrasa wao ndio hukimbilia kumgombeza ustadhi, wana la kujifunza hapo.

Pamoja na malezi hayo, Umar alikua kijana wa kitajiri hasa. Alivaa nguo za bei kubwa, alijitia manukato mazuri na alitembea kwa maringo. Alimuoa Fatima, binti wa Khalifa Abdul Malik bin Marwan. Hakuna aliyedhani kwamba kijana yule ndiye atakayekuja kuhesabiwa na wanazuoni wengi kuwa wa tano baada ya makhalifa wanne waongofu.

KAZI YAKE YA KWANZA

Mwaka 87 Hijria (706 Miladia), Khalifa al-Walid alimfanya gavana wa Madina. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaita wanazuoni kumi wa mji ule na kuwafanya baraza lake la shura, akawataka wamwambie kila dhulma watakayoiona au kuisikia kutoka kwa watendaji wake.

Mwaka uliofuata al-Walid alimwandikia barua ya kumtaka afanye mambo ambayo leo tungeyaita kazi ya wizara ya ujenzi na wizara ya maji. Alitakiwa alainishe njia katika mapito magumu ya milimani na achimbe visima. Kwa nchi ya Hijazi hilo si jambo dogo. Njia ya msafara inahesabiwa kwa visima vyake, na kituo kisicho na maji ni kaburi la ngamia na la mwenye ngamia. Kwa hiyo kabla hajawa Khalifa, Umar alikwisha kufahamu kwa kazi ya mikono kwamba mahujaji na wafanyabiashara hawasafiri kwa maneno mazuri ya watawala. Wanahitaji njia na maji.

Mwaka 93 Hijria aliondolewa katika ugavana, kwa mashitaka ya al-Hajjaj bin Yusuf, kwa kuwa waliokimbia dhulma ya Iraq walikuwa wakipata hifadhi Madina. Akarudi Sham.

BARUA ILIYOFUNGWA

Mwaka 99 Hijria (717 Miladia), Khalifa Sulayman bin Abdul Malik aliugua akiwa Dabiq, kaskazini ya Sham. Mwanazuoni Raja' bin Haywa alimshauri amuusie Umar, na jina likaandikwa katika barua iliyofungwa. Watu wa ukoo wakatoa baia kwa barua bila kujua imemtaja nani. Sulayman alipofariki, barua ikafunguliwa. Wakati wenzake wa ukoo wakikasirika kwa kukosa, yeye alihuzunika kwa kupata.

Aliletewa wanyama wa kifalme wa kupanda, akawakataa, akaagiza wauzwe na thamani yao iingie Baitul Mal, akapanda baghala wake mwenyewe. Akarudisha mashamba aliyopewa na makhalifa waliotangulia. Akamtaka mkewe Fatima achague baina yake na vito alivyopewa na baba yake, na Fatima akavitoa vito vyote. Akasimamisha laana aliyokuwa akitupiwa Sayyidna Ali (r.a.) juu ya mimbari. Akalirudisha jeshi lililokuwa limechoka na kufa njaa kwenye mzingiro wa Constantinople. Haya yanasemwa sana, nasi hatutayarefusha.

MAKSI NA STAKABADHI

Tuje sasa kwenye njia. Dola ya wakati ule ilianzia Andalusia ikafika mpakani mwa India na China. Kwa jina ilikuwa nchi moja, lakini mfanyabiashara aliyetoka na shehena Misri kwenda Damascus alikuwa akitozwa huku na kule, kwenye madaraja, kwenye malango ya miji na masokoni. Tozo hizi ambazo hazina msingi katika sheria ndizo zilizoitwa maksi. Mtume (s.a.w.) alikuwa amezionya vikali, lakini watawala walizirudisha kwa kuwa zina pesa nyingi na ya haraka.

Umar alizifuta. Akawaandikia magavana wake kwamba hicho wanachokiita maksi ni ile punja ya mali za watu ambayo Mwenyezi Mungu ameikataza. Tukumbuke, ndugu msomaji, kwamba Qur'an inapotueleza habari za Nabii Shuaibu (a.s.) na watu wa Madyan, inataja kupunja vipimo, kuwapunguzia watu vitu vyao, na kukaa katika kila njia kuwatisha watu. Madyan ilikuwa kwenye njia ya misafara, kaskazini magharibi ya Bara Arabu. Umar aliisoma Aya ile kama mtawala anayejua kwamba naye anaweza kuwa mtu wa Madyan.

Hapo ndipo inapoingia Rafah. Pale mpakani palikuwa na nyumba iliyojulikana kabisa kwa jina la nyumba ya maksi. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam, aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu mali katika Uislamu, amepokea kwamba Umar alimwandikia Abdullah bin Auf al-Qari aende mwenyewe Rafah, aibomoe nyumba ile, kisha vifusi vyake avipeleke baharini akavitawanye. Hakuridhika kufuta tozo kwa karatasi. Alijua kwamba nyumba ikibaki, na watu wake wakabaki, na meza zikabaki, tozo itarudi kwa jina jingine. Sisi tulioona kodi zikifutwa kwenye hotuba na kurudi kwenye fomu, tunaielewa hekima hiyo bila kufundishwa.

Lakini asije mtu akadhani kwamba Khalifa huyu alikuwa anapinga kila malipo. Alikuwa na mtumishi kwenye kivuko cha Misri aitwaye Zurayq bin Hayyan, na maagizo aliyompa yamo katika Muwatta wa Imam Malik (r.a.). Muislamu apitaye na mali ya biashara achukuliwe dinari moja katika kila dinari 40, nayo ndiyo zaka yake. Mali ikipungua, na malipo yapungue kwa hesabu hiyo hiyo, mpaka kufikia dinari 20. Ikiwa chini ya hapo hata kwa theluthi ya dinari tu, basi aachwe aende, asiguswe. Asiyekuwa Muislamu miongoni mwa raia wa dola achukuliwe dinari moja katika kila 20, kwa kiwango kilichoanzia zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), na mwenye chini ya dinari 10 naye aachwe.

Jambo la mwisho katika maagizo hayo ndilo kubwa kuliko yote. Zurayq aliamriwa amwandikie kila mtu stakabadhi ya kile alichomchukua, itakayomfaa mpaka mwaka ugeuke. Yaani mfanyabiashara akilipa mara moja anakuwa na karatasi mkononi. Kiwango kinajulikana, mdogo amesamehewa, na ushahidi umeandikwa. Ni mambo matatu tu, nayo yanatosha kumnyima chakula mla rushwa. Rushwa huota mahali ambapo mlipaji hajui anadaiwa kiasi gani na hana karatasi ya kuonyesha kwamba ameshalipa.

MIZANI YA NGAMIA

Madereva wa malori wanaosoma safu hii wanaijua mizani ya barabarani, maana hawapiti bila kupima. Basi na wajue kwamba jambo hilo si geni. Habari zilimfikia Umar kwamba huko Misri ngamia wa mizigo wanabebeshwa hadi ratili 1000. Akaandika barua kwamba hataki kusikia ngamia amebebeshwa zaidi ya ratili 600. Akakataza pia wanyama wa posta kutiwa lijamu nzito na kuchomwa kwa fimbo zenye chuma nchani. Tofauti ni kwamba mizani yetu inalinda lami, na ya kwake ilimlinda kiumbe asiyeweza kusema.

Katika waraka mmoja aliowaandikia magavana, aliagiza vipimo na mizani viwe vya namna moja katika nchi yote, kwa sababu kipimo kikibadilika kutoka mji hadi mji, anayenufaika ni mjanja na anayeumia ni mgeni. Akaagiza nchi kavu na bahari viachwe wazi kwa watu kutafuta riziki zao, asizuiwe mtu. Na akakataza watawala wasifanye biashara wakiwa madarakani. Sababu iko wazi. Gavana mwenye duka lake hawezi kuwa mwadilifu kwa mwenye duka la jirani, hata akitaka.

Huko Samarkand, mwisho wa mashariki wa dola, alimwandikia Sulayman bin Abi al-Sari ajenge nyumba za wasafiri katika miji yake. Msafiri Muislamu apewe hifadhi ya mchana na usiku na mnyama wake ahudumiwe. Akiwa mgonjwa, siku mbili. Akiwa amekwama na hana kitu, apewe cha kumfikisha kwao.

Na yeye mwenyewe je? Inasimuliwa kwamba alikuwa akipenda asali. Siku moja akaletewa, akauliza imefikaje upesi hivyo. Akaambiwa mkewe amemtuma mtu kwa dinari zake, akapanda mnyama wa posta ya serikali. Umar akaagiza asali ile iuzwe, mkewe akarudishiwa mtaji wake, na ziada ikaingia katika mali ya umma. Kwa maneno yetu ya leo, gari la serikali lilikuwa limetumika kuleta mahitaji ya nyumbani kwa mheshimiwa, na mheshimiwa akalipa.

Matunda ya uadilifu huo yalionekana. Imepokewa kwamba mjumbe wake wa zaka katika Afrika ya Kaskazini, Yahya bin Said, hakupata masikini wa kupokea, akanunua watumwa kwa fedha ile na kuwaacha huru. Magavana walikuwa wamelalamika kwamba hazina itakauka, hasa alipoondoa jizya kwa waliosilimu. Yeye akawajibu kwamba Mtume (s.a.w.) alitumwa kuwa mwenye kulingania, hakutumwa kuwa mkusanya kodi.

WALIORITHI NJIA HIYO

Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria, Februari 720, akiwa na umri wa miaka isiyozidi 40. Alikuwa ametawala miaka miwili na miezi mitano tu, na wengi wa wanahistoria wamepokea kwamba alitiliwa sumu. Akazikwa Dayr Sim'an, karibu na Ma'arrat al-Nu'man, kaskazini ya Sham. Aliyemfuatia, Yazid bin Abdul Malik, hakuendelea na njia yake, na mengi yaliyorekebishwa yakarudi yalikotoka.

Leo nchi zile zile alizozitawala zimegawanyika, na kila moja ina bendera, forodha na muhuri wake. Haiwezi kusemwa kwamba hazikujaribu kuunganisha njia. Jumuiya ya nchi za Kiarabu ilikubaliana mwaka 1997 kuanzisha eneo kubwa la biashara huria, kazi ikaanza 1998, na kufikia 2005 ushuru wa forodha kwa bidhaa za wanachama ukawa umeondolewa. Mwaka 2001 mjini Beirut, chini ya Umoja wa Mataifa, ulipatikana mkataba wa barabara kuu za Mashariki ya Kiarabu. Saudi Arabia, Qatar na Oman zilijiunga mwaka 2018 na mkataba wa kimataifa wa TIR, ambao unaruhusu lori lililotiwa lakiri kupita mipaka kadhaa kwa kitabu kimoja cha dhamana, bila kufunguliwa kila kituo. Ukiutazama vizuri, utamkumbuka Zurayq na stakabadhi yake. Na Desemba 2021 ilifunguliwa barabara ya moja kwa moja kati ya Oman na Saudi Arabia kupitia jangwa la Rub' al-Khali, ambako zamani ngamia tu ndio waliopita.

Lakini ushuru ukiondoka mlangoni, maksi huingia dirishani. Mwaka 2009 malori yalijipanga kilomita nyingi kwenye mpaka wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia kwa sababu ya taratibu mpya za ukaguzi, madereva wakiwa ndani ya joto la kiangazi. Kati ya Jordan na Iraq, kwa miaka mingi shehena ilishushwa mpakani kutoka lori la huku na kupakiwa lori la kule, matunda na mboga zikiharibika juani. Kivuko cha Nasib, baina ya Jordan na Syria, kilifungwa mwaka 2015 kwa sababu ya vita hadi Oktoba 2018. Juni 2017 mpaka wa nchi kavu wa Qatar na Saudi Arabia ulifungwa kwa ugomvi wa watawala, na haukufunguliwa hadi Januari 2021. Watu wa kibla kimoja na lugha moja walinyimana maziwa.

Wanazuoni wa zama zetu wanajadili ni ushuru upi wa forodha unaokubalika pale serikali inapojenga barabara, bandari na ulinzi kwa fedha hiyo. Mjadala huo una nafasi yake, na si lengo la makala hii kuumaliza. Lakini hakuna mwanazuoni anayehalalisha kiasi kisichojulikana, malipo yasiyo na stakabadhi, kumchelewesha mtu mpaka atoe kitu, au kumfungia mtu njia ya chakula. Hayo ni maksi hata kama yamevaa sare.

Na maneno haya hayawahusu Waarabu peke yao. Msomaji wetu wa Kariakoo anayeagiza bidhaa Dubai, naye anajua kusubiri. Ajiulize pia upande wake. Je, anapoandika thamani ya mzigo chini ya bei aliyonunulia, au anapotanguliza bahasha ili karatasi yake ipite mbele ya za wenzake, si yeye anayeijenga upya nyumba ya Rafah tofali kwa tofali? Mla maksi hawezi kuishi bila mtoa maksi. Binti wa maziwa hakuwa na cheo chochote. Alikuwa muuzaji tu aliyekataa kutia maji.

Mwaka 2020, katika vita vya Syria, zilienea habari na picha za kaburi la Umar bin Abdul Aziz likiwa limechomwa na kufukuliwa. Liko karibu na barabara kuu ya Damascus kwenda Aleppo, njia ambayo vita viliikata kwa miaka mingi. Waliofukua hawakupata dhahabu, maana hakuzikwa nayo. Alichoacha kimo katika vitabu, nacho ni barua zake kwa watumishi wa mipakani. Kila Muislamu aliyepewa muhuri, mizani au lango la kulinda, katika nchi yoyote, anaweza kuzisoma na kujiona kwamba ndiye aliyeandikiwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie njia ndugu zetu wa Gaza, amrehemu Khalifa huyu, na atujaalie tuwe wepesi kwa wale wanaopita mbele yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.